Laini Moja, Majina Manne

Jamaa aliyenunua laini ya KenCell mwaka 2000, kampuni hiyo ilipoanza kazi nchini Kenya, na akaitunza mpaka mwisho wa 2010, alipita chini ya majina manne bila kuhama hata siku moja. KenCell, Celtel, Zain, Airtel. Nambari yake ilibaki ileile: 0733 na tarakimu zake sita. Hebu tujiulize basi, ndugu msomaji: ni nani aliyebadilika, na nani aliyepaswa kuambiwa?

Tuanze na sababu. Majina haya hayakubadilishwa kwa kuwa wateja walilalamika. Yalibadilika kwa kuwa nyumba ilipata mwenyewe mpya. Mwaka 2004 hisa za Vivendi, kampuni ya Ufaransa, ziliishia mikononi mwa Celtel, kampuni iliyoanzishwa na Mo Ibrahim, mzaliwa wa Sudan. KenCell ikazikwa. Mwaka 2005 MTC ya Kuwait ikainunua Celtel kwa dola bilioni 3.4, ila jina ikaliacha. Mwaka 2007 MTC yenyewe ikajiita Zain, neno la Kiarabu lenye maana ya uzuri, na tarehe 1 Agosti 2008 jina hilo likashushwa Afrika. Lakini wapi! Halikudumu. Juni 2010 Bharti Airtel ya India ikakamilisha ununuzi wa dola bilioni 10.7, na Novemba mwaka huohuo Zain nayo ikafutwa.

Kampuni ikibadili jina, yenyewe huona sherehe. Hukodi mabango, hupaka kuta rangi, huita waandishi wa habari. Mteja naye haoni sherehe. Ana maswali matatu tu, na yote ni ya mfukoni. Nambari yangu itabaki? Salio langu lipo? Kadi ya kukwaruza niliyonunua jana itaingia?

Msicheke. Mfikirie fundi wa mabomba aliyeandika nambari yake kwa rangi kwenye kipande cha bati na kukitundika kando ya barabara. Hana ofisi, hana sanduku la posta. Nambari ndiyo duka lake. Tangazo likimwambia habari za "ukurasa mpya" na "familia kubwa ya kimataifa", halijamwambia kitu. Ndiyo maana atauliza kibandani. Mwenye kibanda cha kuuza kadi, asiyelipwa mshahara na kampuni, ndiye anayegeuka msemaji wake. Akisema, "Usijali, ni ileile," mambo yameisha. Akisita, mabango yote ya mjini hayatasaidia.

Katika hadithi hii, Celtel ndiyo iliyoelewa jambo moja kubwa. Mwaka 2006 iliziunganisha Kenya, Uganda na Tanzania kwa huduma ya One Network, mtu akavuka mpaka na laini yake bila kutozwa ada za ugenini. Hapo jina moja katika nchi tatu lilikuwa na maana. Dereva wa lori aliyetoka Mombasa kwenda Kampala hakuhitaji kuelezwa faida yake kwa bango, aliiona kwenye salio.

Zain iliporithi huduma ile, ilileta jina jipya juu ya kitu ambacho watu walikwisha kukizoea. Kisha mwaka 2009 ikaja na Zap, huduma ya kutuma pesa, kushindana na M-Pesa ya Safaricom iliyoanza Machi 2007. Na hapa ndipo palipokuwa pagumu. Mtu anaweza kupiga simu kwa jina lolote, lakini pesa ya karo ya mtoto haiwekwi kwa jina ambalo huenda kesho lisiwepo. Na kweli, baada ya kampuni kuuzwa, Zap nayo ikaondoka, ikaja Airtel Money. Upande wa pili, M-Pesa ilibaki M-Pesa, na Safaricom ikabaki Safaricom. Sisemi jina pekee ndilo lililoipa Safaricom ushindi. Nasema kila mara mpinzani wake alipolazimika kujitambulisha upya, yeye alikuwa ameshafahamika.

Hata hivyo wenye mali wapya wa 2010 walifanya jambo moja la busara. Agosti, miezi mitatu kabla jina la Airtel halijaja, walishusha bei ya simu hadi shilingi 3 kwa dakika kwenda mtandao wowote. Serikali ilikuwa imepunguza ada ambayo kampuni hulipana, kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21, nao wakaitumia nafasi hiyo mara moja. Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mteja aliona nafuu kwanza, jina likafuata.

Kwetu sisi tunaojifunza kuandika, hapa pana somo. Tangazo la kubadili jina ni maandishi kama maandishi mengine, na linaponea au kufia katika sentensi ya kwanza. "Tunayo furaha kubwa kuwatangazia" ni sentensi ya mwandishi anayejitazama. "Nambari yako haitabadilika" ni sentensi ya mwandishi aliyemwona msomaji wake. Maneno matatu tu, na fundi wetu anarudi kazini.

Aprili 2011 Kenya iliruhusu mtu kuhama kampuni na nambari yake. Kwa miaka kumi wakubwa walikuwa wakibadilisha majina juu ya kichwa cha mteja. Sasa mteja naye akapata uwezo wa kubadilisha jina lililo juu ya nambari yake, bila mabango, bila sherehe, na bila kumtumia mtu ujumbe wa kumwarifu.