Pamba Iliyowashinda Waingereza Ilifika Hadi Handeni

Tarehe 22 Agosti 2026 inatimia miaka 175 tangu jahazi la Wamarekani lililoitwa America liwabwage Waingereza nyumbani kwao, katika mbio za kuzunguka kisiwa cha Wight. Kikombe lilichotwaa siku ile ndicho kinachogombewa mpaka leo, na Waingereza hawajawahi kukirudisha. Oktoba 2024, huko Barcelona, walikikosa tena kwa New Zealand, mbio 7 kwa 2.

Msomaji wa Chanika, Handeni, atauliza yanamhusu nini. Yanamhusu sana. Historia ya matanga ya mashindano imepita Handeni na Korogwe mara mbili, kwanza kwa njia ya nguo, kisha kwa njia ya kamba, na inauma kuona tunavyoiacha isimuliwe kana kwamba ni mali ya matajiri wa Ulaya na Marekani peke yao.

Pwani yetu ilijua matanga kabla ya hao wote. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, ulienda kwa tanga la mraba la mkeka. Tanga la pembetatu la majahazi likatawala baadaye, na mtepe ukatoweka katika karne ya 20.

Turudi kwenye mbio za 1851. America lilichorwa na George Steers, na kundi la wamiliki liliongozwa na John Cox Stevens wa New York. Waandishi wengi husifu umbo lake. Mabaharia wa Cowes, bandari ya kisiwa cha Wight, waliangalia juu, kwenye matanga. Ya kwao yalikuwa ya kitani kilichofumwa kwa ulegevu. Upepo ukikaza, nguo ya namna hiyo huvutika, tumbo la tanga hujaa na kusogea nyuma, na chombo badala ya kuukabili upepo hubaki kusukumwa ubavu. Dawa yao ilikuwa kuyamwagia matanga maji ili nyuzi zivimbe na matundu yazibe. Wamarekani walikuja na pamba iliyofumwa kwa mashine, nyuzi zimebanana, na ukingo wa chini wa tanga kuu umefungwa kwenye mti wake kwa urefu wote. Likakaa bapa, likaukata upepo.

Kabla ya mbio waliagiza kwa fundi Ratsey wa Cowes mti wa kubebea tanga la ziada la mbele. Ukavunjika njiani. Inasimuliwa kwamba nahodha Dick Brown alifurahi, kwa kuwa hakuwahi kuliamini tanga lile chombo kinapobisha.

Ndipo ukazuka ugomvi. Baadhi ya karatasi za maelekezo ziliwataka manahodha wapite nje ya meli ya taa ya Nab, nyingine hazikutaja sharti hilo. America lilipita ndani na kuokoa mwendo. Mwenye chombo kimoja akalalamika, lalamiko halikufika mbali, lakini hadithi ya njia ya mkato haijafa. Mimi naona iliwapa walioshindwa pa kujificha. Katika miaka iliyofuata Waingereza wenyewe walihamia kwenye matanga ya pamba, na hakuna anayebadili tanga lake kwa sababu mwenzake alipita njia fupi.

Wakati huo pamba ya Marekani ilikuwa tayari imefika kwetu. Sultani wa Unguja, Seyyid Said, alitia saini mkataba na Wamarekani mwaka 1833, na balozi wao mdogo, Richard Waters wa mji wa Salem, akafika Unguja 1837. Kiwanda cha nguo cha Naumkeag mjini Salem kilianza kazi 1847. Merikani, nguo ya pamba iliyoletwa kwetu kutoka Marekani, ilikuwa nyepesi kuliko nguo ya matanga ya America, lakini ilitoka katika mashamba na mitambo ya aina ileile. Mafundi wa pwani waliishona kuwa matanga, na wapagazi waliipandisha bara. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyepanda bonde la Pangani mwaka 1857 kwenda Vuga kwa mfalme wa Wasambaa, Kimweri ye Nyumbai, aliikuta nguo ikifanya kazi ya fedha, ikipimwa kwa mkono, shuka, doti na jora. Kwa nguo hiyo Uzigua, nchi ya Handeni, iliuza pembe za ndovu na, kwa huzuni, watu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza 1861, merikani ikaadimika na nguo za Bombay zikachukua nafasi.

Kamba ilikuja na Mjerumani Richard Hindorf. Mwaka 1893 aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Ikasalimika 62, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Kutoka hapo mashamba yakatambaa hadi Ngombezi na Magunga, huko Korogwe. Mwaka 1942 Wajapani waliiteka Ufilipino, kamba za manila zikakatika kwa Washirika, na mkonge wa Tanganyika ukawa tegemeo lao. Watu walikamatwa kwa nguvu wakapelekwa mashambani. Jasho hilo halitajwi inavyostahili katika vitabu vya bahari.

Mwaka 1941 Whinfield na Dickson, Waingereza wawili, walikuwa wamegundua poliesta. Katika miaka ya 1950 Ted Hood akawa anafuma mwenyewe nguo ya matanga ya Dacron, yaani poliesta hiyo, huko Marblehead, mji unaopakana na Salem. Haikuoza, haikuvutika kirahisi, na pamba ikaisha katika mashindano. Nyuzi za viwandani, nailoni na polipropilini, zikaivamia kamba vilevile. Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge mwaka 1964. Katikati ya miaka ya 1980 hazikufika 40,000. Wengi hulaumu utaifishaji wa 1967 peke yake, lakini bei ilikwisha kuanguka kabla ya Azimio la Arusha.

Kwenye matanga ya mashindano baadaye zikaja plastiki ya Mylar na nyuzi za Kevlar, na tangu miaka ya 1990 matanga yanayoundwa juu ya kalibu bila vipande vya kushonwa, kisha nyuzi za kaboni. Pangani, ngalawa nyingine zinakwenda kwa turubai na viroba vilivyounganishwa.

Kijana wa miaka 18 aliyekamatwa mwaka 1942 kwenda kukata mkonge, kama yu hai, amepita miaka 100. Watoto waliokulia katika kambi za mashamba ya mkonge bado wapo Korogwe na Handeni, na halmashauri zetu zinapaswa kuanza kurekodi kumbukumbu zao mwaka huu.