Shaba Ilibaki Ardhini, Mafundi Wakaondoka

Mwaka 1986 kampuni ya Gécamines ilitoa katika ardhi ya Katanga zaidi ya tani 450,000 za shaba. Mwaka 1994, miaka minane tu baadaye, haikufikisha hata tani 40,000. Tulinganishe na hesabu ya zamani zaidi: mwaka 1930, enzi ya ukoloni, Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoizaa Gécamines, ilikuwa imetoa karibu tani 139,000. Basi wajukuu, wenye mitambo ambayo babu zao hawakuiota, walivuna chini ya theluthi ya mavuno ya babu hao.

Wapendwa vijana, shaba haikuwa imekwisha. Leo nchi yetu hutoa zaidi ya tani milioni mbili na nusu kwa mwaka, na sehemu kubwa yake hutoka katika ukanda uleule wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi. Sababu za anguko lile zilikuwa nyingi, na si haki kuzifunga zote katika fungu moja. Bei ya shaba ilishuka duniani katikati ya miaka ya 1970. Fedha zilizopaswa kununua vipuri zilitumiwa kwingine. Na Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, iliporomoka. Lakini iko sababu moja ambayo watu huipita upesi, nami naomba tukae nayo kidogo: habari ya watu waliojua kazi.

Wanauchumi huiita mtaji wa watu. Maana yake ni elimu, ustadi, afya na uzoefu uliomo ndani ya mtu, unaomwezesha kuzalisha zaidi kwa saa ileile moja ya kazi. Na wingi huo wa mazao kwa kila saa ndio tunaouita tija. Mashine huweza kununuliwa kwa mwezi mmoja. Fundi anayeisikia ikiunguruma na kujua kwamba kuna kitu kimelegea ndani, huyo hutengenezwa kwa miaka kumi na mitano au ishirini, tangu darasa la kwanza.

Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na shaba yake ya kwanza iliyeyushwa Lubumbashi mwaka 1911. Katika miaka ile ya mwanzo kampuni haikuwa na habari kabisa na mtaji wa namna hii. Ilichotaka ni mikono. Watu waliandikwa vijijini, mara nyingi kwa kulazimishwa na machifu na maofisa, wakaletwa kwa mikataba ya miezi michache, bila wake, bila watoto. Waliishi katika vibanda vilivyosongamana. Kuhara damu na homa ya mapafu viliwaua kwa wingi, na mwaka 1918 homa kuu ya mafua ikaongeza makaburi. Aliyepona alirudi kwao mara tu alipoanza kuizoea kazi, na nafasi yake ikajazwa na mgeni asiyejua hata kushika sururu. Kazi ya namna hiyo huonekana rahisi kwa sababu mshahara wake ni mdogo, kumbe ni ghali: kila mwaka kampuni ililipia upya safari, maradhi, vifo na ujinga.

Hesabu hiyo ndiyo iliyoibadilisha kampuni, wala si huruma. Tangu mwaka 1928 hivi ikaanza siasa ya kuwatuliza wafanyakazi mahali pamoja, chini ya uongozi wa daktari mmoja Mbelgiji, Léopold Mottoulle. Mikataba ikawa ya miaka mitatu. Mwanamume akaruhusiwa, hata akahimizwa, kuja na mkewe. Zikajengwa kambi zenye nyumba za familia, zahanati, hospitali za uzazi, na shule zilizokabidhiwa wamisionari. Posho ilipimwa kwa ajili ya mama na watoto pia. Ni daktari aliyeona, kabla ya wanauchumi wengi, kwamba mtoto anayekula vizuri leo ni mchimbaji mwenye nguvu baada ya miaka kumi na minane. Wazee wa kambi walizoea kusema kwamba kampuni ilikuwa baba na mama, na hawakusema hivyo kwa mzaha.

Matunda yalionekana. Mnamo mwaka 1960 Union Minière ilitoa tani 300,000 hivi za shaba, zaidi ya maradufu ya mwaka 1930, na idadi ya wafanyakazi haikuongezeka kwa kadiri hiyo hata kidogo. Mitambo ilichangia sana, lakini mitambo ile iliendeshwa na nani? Katika migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, vyama vya wafanyakazi Wazungu viliwazuia Waafrika kwa miaka mingi wasipewe kazi za ufundi. Katanga, kinyume chake, Wakongo waliwekwa mapema kuendesha mitambo na magarimoshi, kwa kuwa walikuwa wamekaa kazini muda wa kutosha kujifunza, na kwa kuwa walilipwa kidogo kuliko Wazungu.

Hata hivyo baba huyu alikuwa na mkono mzito. Desemba 1941, katikati ya vita, bei zilipopanda na mishahara isipande kwa kadiri hiyo, wafanyakazi waligoma. Tarehe 9 Desemba askari waliufyatulia risasi umati uliokusanyika katika uwanja wa mpira wa Élisabethville. Miongoni mwa waliouawa alikuwa Léonard Mpoyi, karani aliyesema kwa niaba ya wenzake. Naona jambo hili lafaa kukumbukwa kila tusomapo sifa za kambi zile. Mtu aliyefundishwa kusoma, kuandika na kuhesabu huhesabu pia ujira wake. Kampuni ilitaka ustadi wake bila sauti yake.

Na hapo ndipo palipo kasoro kubwa ya jengo zima. Ngazi ya elimu ya kikoloni ilikuwa na vipandio vipana chini, na juu haikuwa na kitu. Tangu mkataba wa mwaka 1906 kati ya Vatikani na serikali ya Léopold II, misioni zilipewa ardhi nazo zikajifunga kuendesha shule, na kweli ziliziendesha: kuelekea mwaka 1960 watoto karibu milioni moja na nusu walikuwa katika shule za msingi, idadi ambayo makoloni mengi ya Afrika hayakuifikia. Lakini baada ya hapo njia ilikuwa nyembamba mno. Kwa miongo mingi kijana Mkongo aliyetaka masomo ya juu alikuwa na mlango mmoja tu, seminari. Stefano Kaoze, mzaliwa wa upande wa Tanganyika, alipadrishwa mwaka 1917, Mkongo wa kwanza. Alisoma Kilatini na falsafa wakati ambapo hakuna Mkongo aliyeweza kusomea uhandisi, sheria wala udaktari katika nchi yake. Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954 tu, na cha Élisabethville mwaka 1956. Serikali ya kikoloni iliamini kwamba pasipo wasomi wakubwa hapatakuwa na fujo. Na sisi Wakatoliki tukiri kwamba si wamisionari wote waliopinga wazo hilo.

Wasichana walifungiwa zaidi. Katika kambi za migodi walifundishwa kushona, kupiga pasi na kulea, mambo mema yote, lakini hayo tu. Msichana wa kwanza Mkongo kumaliza shule ya sekondari, Sophie Kanza, alimaliza mwaka 1961, baada ya uhuru. Miaka mitano baadaye alikuwa waziri. Nawaachia ninyi wasichana wa vikundi vyetu mkadirie ni akina Sophie wangapi waliobaki kwenye pasi.

Tarehe 30 Juni 1960 ilipofika, Wakongo waliokuwa na shahada ya chuo kikuu walikuwa chini ya thelathini, katika nchi yenye watu zaidi ya milioni kumi na tatu. Hapakuwa na daktari Mkongo hata mmoja. Katika vyeo vya juu kabisa vya utawala, Wakongo walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na jeshi halikuwa na ofisa mweusi. Siku tano baada ya sherehe askari waliasi, na katika majuma machache maelfu ya Wabelgiji walikimbia, wakaacha ofisi, mahakama na hospitali tupu.

Kilichofuata hospitalini chastahili kusimuliwa zaidi ya kinavyosimuliwa. Tangu miaka ya 1930 palikuwa na shule za wasaidizi wa madaktari, Wakongo waliojifunza kutibu lakini wakanyimwa cheo cha udaktari. Baada ya uhuru, Shirika la Afya Duniani liliwapeleka dazeni kadhaa kati yao Ufaransa, na baada ya miaka michache tu wakarudi madaktari kamili. Maarifa waliyokuwa nayo tangu zamani. Kilichokosekana kilikuwa ruhusa ya kupanda ngazi. Desemba ya mwaka uleule wa 1960, mwanauchumi Mmarekani Theodore Schultz aliwahutubia wenzake akidai kwamba matumizi ya elimu na afya yahesabiwe kuwa uwekezaji, sawa na kiwanda au reli. Sidhani kama alikuwa na Kongo akilini, lakini hakuna nchi iliyokuwa ikimthibitishia maneno yake kwa uchungu zaidi mwezi ule.

Nchi ilijaribu kuziba pengo. Vyuo vikuu vilijaa, na Gécamines, baada ya Union Minière kutaifishwa mwishoni mwa 1966, ilipata wahandisi Wakongo walioshika nafasi za Wazungu na kuinua mavuno kuliko zamani. Wanaosema kwamba kampuni ilikufa kwa sababu Wakongo walipewa uongozi wasome tena hesabu za miaka ya 1970 na 1980. Sumu iliingia kwa njia nyingine. Novemba 1973 maduka, mashamba na viwanda vidogo vya wageni viligawiwa kwa raia waliopendelewa na utawala, si kwa waliozijua kazi hizo, na vingi vikafilisika upesi. Mwishoni mwa 1974 serikali ikazichukua shule za makanisa. Februari 1977 ikalazimika kutia sahihi mkataba wa kuyarudishia uendeshaji wake. Wakati huo mfumuko wa bei ulikuwa umeanza kuula mshahara wa mwalimu, na miaka ya 1990 ilipofika wazazi wenyewe ndio waliokuwa wakimlisha kwa michango yao. Mtoto wa mwenye kitu alisoma. Wa asiye nacho alirudishwa nyumbani.

Kisha ikaja aibu ya 1992 na 1993. Familia zenye asili ya Kasai, nyingi zikiwa Katanga tangu enzi ya mikataba ya Union Minière, zilifukuzwa kwa vitisho na vurugu. Maelfu walikaa kwa majuma na miezi kandokando ya stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja magarimoshi, na wengi, hasa watoto, walifia hapo au njiani. Kabla ya yote huo ulikuwa uovu dhidi ya binadamu, na hauhitaji hesabu ya uchumi ili uitwe uovu. Lakini hesabu nayo ipo. Miongoni mwao walikuwa mafundi, wahandisi, walimu na wafanyakazi wa reli, watoto na wajukuu wa zile kambi ambamo kampuni ilikuwa imewekeza kwa miaka sitini. Mtaji huu una miguu. Ukiufukuza, huenda zake pamoja na yote uliyolipia.

Waliobaki walifanya kazi miezi mingi bila mshahara. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi elfu kumi wa Gécamines waliagwa kwa malipo ya mkupuo mmoja, wengi wakiwa wamevuka umri wa miaka hamsini, na ujuzi wao ukaishia uani, kwenye bustani ya mboga na gereji ndogo. Kampuni mpya zilizoingia baadaye zilileta mitambo yao, na mara nyingi wataalamu wao pia. Kando ya uzio wao vijana wa rika lenu wanachimba kwa nyundo na sururu, katika mashimo yasiyo na nguzo, kama watu wa mwaka 1911.

Mwaka 2020 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mtoto wa Kongo aweza kutazamia miaka tisa hivi ya shule, lakini kwa kupima anachojifunza kweli, miaka hiyo ni sawa na minne na nusu. Elimu ya msingi isiyo ya malipo, iliyoandikwa katika Katiba ya 2006, ilianza kutekelezwa Septemba 2019, na watoto waliokuwa wakirudishwa nyumbani wakamiminika. Madawati hayakuongezeka kwa kasi hiyo, wala walimu. Katika shule nyingi, zikiwamo za parokia zetu, mwalimu mmoja akawa na watoto mia darasani, na wa safu ya nyuma wakawa wanaandika juu ya magoti.