Mtoto wa Jicho: Njia Ndefu ya Kufika Kibera na Kawangware

Serikali ya kikoloni ilipoitangaza Kibera, Nairobi, kuwa ardhi ya jeshi mwaka 1918, kwa ajili ya askari Wanubi wa King's African Rifles, tiba bora kabisa ya mtoto wa jicho duniani ilikuwa kuitoa lenzi iliyoingia ukungu, kisha mgonjwa avae miwani minene maisha yake yote. Lenzi ya kuweka mahali pake haikuwepo.

Hata kufikia hapo kulichukua karne nyingi. Waganga wa India ya kale waliingiza sindano jichoni na kuisukuma lenzi irudi nyuma. Mwanga ulipita, lakini wengi waliishia kupofuka kabisa. Yapata mwaka 1000, Ammar al-Mawsili, tabibu aliyefanya kazi Misri, alieleza jinsi ya kuifyonza lenzi hiyo kwa sindano yenye tundu. Mfaransa Jacques Daviel alianza kuitoa kwa kupasua jicho mwaka 1747, mgonjwa akiwa macho na akihisi kila kitu, kwa kuwa ganzi ya jicho ilikuja na Karl Koller mwaka 1884 tu.

Halafu Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vikatoa funzo. Harold Ridley, daktari wa London, aliona vipande vya plastiki ya vioo vya ndege vikikaa ndani ya macho ya marubani bila kuleta madhara. Novemba 29, 1949 akapandikiza lenzi ya kwanza ya plastiki hiyo. Wenzake wengi walimpinga kwa miaka. Baadaye, mwaka 1992, Aurolab ya India ilianza kutengeneza lenzi za bei nafuu, na kwangu mimi hilo ni kubwa sawa na ugunduzi wenyewe.

Leo upasuaji huchukua takriban nusu saa au chini ya hapo, kwa ganzi ya jicho tu. Hakuna matone wala miwani ya kuuondoa ukungu huo, uwe umeletwa na uzee, kisukari, jeraha au dawa za steroidi. Hospitali ya macho ya Lions SightFirst iko Loresho, kilomita chache tu kutoka mtaa wa Kawangware. Kitengo cha macho cha hospitali ya PCEA Kikuyu kimekuwepo tangu 1975.

Basi kwa nini nyanya wa Kibera bado anamtajia mjukuu namba yake ya siri ya M-Pesa, kwa kuwa haoni maandishi ya simu? Anayemsindikiza hospitalini hupoteza kibarua cha siku, na siku ya kuondoa bandeji hupoteza nyingine. Nyanya huona ni heri pesa hizo ziende kwa karo. Ndiyo maana naziamini zaidi kambi za macho zinazofanywa mtaani, mhudumu wa afya ya jamii akibisha mlango kwa mlango na gari likiwabeba wagonjwa kwenda na kurudi. Walio na mamlaka ya kupanga bajeti ya afya wahesabu nauli na kibarua cha msindikizaji kuwa sehemu ya tiba, pamoja na lenzi.