Korse ya usiku kwa mutoto mwenye mugongo unapinda: inasaidia wakati gani?

Munganga anaweza kuwa mutu wa mwisho kuona. Wa kwanza ni fundi wa kushona, siku anamupima mutoto shirti nyeupe ya masomo: bega moja iko juu, ingine iko chini. Ao ni mama, wakati anamusukula mugongo. Kisha maneno yanaanza: ni bidoni ya maji yenye anabebaka, ni sakoshi ya masomo. Kuko hata wenye wanatafuta mutu wa kulaumu mu jamaa.

Kupinda huko kunaitwa skolioze. Bidoni haiilete, sakoshi haiilete, hata kama muzigo muzito haufae kwa mutoto. Kwa watoto karibu 8 juu ya 10, sababu haijulikane. Kati ya miaka 10 na 16, watoto 2 ao 3 juu ya 100 wako nayo, na kwa wasichana njo inaongezekaka zaidi.

Unaweza kuangalia mwenyewe ku nyumba. Mutoto avue shirti, asimame miguu pamoja, ainame mbele na kuacha mikono ilegee. Wewe simama nyuma yake. Kama mbavu ao kiuno cha upande moja kinapanda kupita upande ingine, mupeleke ku hospitali. Munganga Mwingereza William Adams alionyesha njia hiyo tangu 1865, na haiombe hata franka moja.

Kule hospitali watapiga radio ya mugongo muzima, mutoto akiwa amesimama, na watapima kupinda kwa degre. Chini ya 10 haiitwe skolioze. Kati ya 10 na 25 ni nyepesi, na mara nyingi munganga atasema: tuangalie, murudi kisha miezi 4 mupaka 6. Hapa njo wazazi wengi wanajidanganya. Wanasikia "nyepesi", wanaweka radio mu kabati, na hawarudi tena. Kumbe ile radio ya kwanza peke yake haiseme mengi. Ni ya pili njo inaonyesha kama mugongo unaendelea kupinda. Degre 20 kwa kijana wa miaka 17 mwenye amemaliza kukomala, mara nyingi itabakia vile. Degre 20 kwa musichana wa miaka 11 mwenye hajaona mwezi wake wa kwanza, ile ni ya kufuata karibu sana, juu mwaka wenye unakuja atarefuka mbio, na mugongo unaweza kupinda mbio vilevile.

Kama inafika 25 mupaka 40 na mutoto bado anakomala, ni saa ya korse. Wanganga wengine wanaianzisha mbele ya 25, kama mutoto ni mudogo na radio mbili zinaonyesha kama inapanda. Kuko ya kuvaa muchana na usiku, na kuko ya usiku tu. Ile ya usiku ilianza Marekani: ya Charleston mu 1979, kisha ya Providence mu 1992. Ni plastiki ngumu, yenye kutengenezwa kwa kipimo cha mwili wa ule mutoto. Inasukuma mugongo kwa nguvu kwenda upande wenye kupingana na kupinda kwake, nguvu yenye mutu hawezi kutembea nayo. Lakini mutoto akiwa amelala, uzito wa kichwa na mabega haukandamize mugongo, na anaweza kuivumilia. Inaomba saa 8 kila usiku. Ku masomo hakuna mwenye atajua, na kwa mutoto wa miaka 12 ile si kitu kidogo.

Inasaidia kweli? Kule Suède walifuata watoto 135 wenye kupinda kwa degre 25 mupaka 40, na matokeo yalitoka mu 2024. Kwa wale wa korse ya usiku, karibu 76 juu ya 100 hawakuongezeka zaidi ya degre 6. Kwa wale wenye walifanya mazoezi ya mwili tu, ni 53. Kwa hiyo korse haiko dawa ya kunyoosha mugongo. Inazuia usiendelee kupinda. Na wakati mifupa imemaliza kukomala, haina tena kazi. Ni vilevile na ile mikaba ya kuvuta mabega yenye wanauzisha mu soko: haijapimwa kwa mutoto wako, usiharibu makuta.

Usiku mu mwezi wa 10, joto la Likasi na plastiki ni matatizo. Avae tishati ya pamba, bila mikunjo, chini ya korse. Alama nyekundu asubuhi ni kawaida kama inapotea kisha nusu saa. Kidonda hapana, korse irudi kwa fundi. Kadiri mutoto anarefuka, itaomba kuibadilisha.

Kutoka hapa mupaka Lubumbashi ni kilometre karibu 120. Kwa wenye wako Goma kuko Shirika la Umoja, Bukavu kuko Heri Kwetu, nyumba zenye zinajulikana kwa kazi ya walemavu. Mbele ya kulipa njia, piga simu, uliza kama wanatengeneza korse ya mugongo, si miguu ya bandia tu, na nani atapiga radio ya kuangalia kama korse inasukuma sawasawa.

Neno moja tena. Kama mutoto iko na maumivu makali usiku, homa, anakonda, ao miguu inalegea, usingoje miezi 4. Inaweza kuwa tuberkuloze ya mugongo, na ile inatibiwa kwa dawa, haitibiwe kwa korse. Mupeleke hii juma.