Picha za Askari na Masimulizi ya Familia: Ushahidi wa Utumishi wa Vita Mjini Bujumbura tangu 1914

Utangulizi

Mnamo Novemba 2018 Burundi ilibadili sheria inayoongoza Tume ya Ukweli na Maridhiano. Kipindi ambacho tume hiyo ilitakiwa kukichunguza, ambacho awali kilianzia uhuru wa 1962, kilirudishwa nyuma hadi tarehe 26 Februari 1885, siku ulipofungwa Mkutano wa Berlin. Kwa hatua hiyo, utawala wa Wajerumani, vita vya 1914–1918 na utawala wa Wabelgiji viliingia katika kazi ya chombo kilichozoea kufukua makaburi na kuwahoji mashahidi walio hai. Kwa vita vya 1914 shahidi aliye hai hayupo tena. Kilichosalia ni picha na nyaraka zilizohifadhiwa Ulaya kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili masimulizi pamoja na vitu vichache vilivyobaki mikononi mwa wajukuu na vitukuu.

Makala haya yanadai kwamba ushahidi wa pande hizo mbili haufai sana ukitenganishwa, na kwamba kwa Bujumbura kazi ya kuuunganisha haina budi kuanzia nyumbani kwa familia. Nyaraka za Ulaya zina sura nyingi zisizo na majina. Familia, mara nyingi, zina majina yasiyo na sura.

Usumbura katika vita vya 1914–1918

Mji unaoitwa leo Bujumbura ulikua kutokana na kituo cha kijeshi ambacho Wajerumani walikijenga Usumbura mwishoni mwa miaka ya 1890. Vita vilipoanza, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani lilikuwa na kombania 14 na askari Waafrika wapatao 2,500. Kombania ya tisa makao yake yalikuwa Usumbura. Askari hao hawakuwa Warundi kwa wingi wao. Jeshi hilo lilianza mwaka 1889 kwa kuajiri Wasudani na watu wa kusini mwa Afrika, kisha likawachukua zaidi Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Alama yake imo hata ndani ya Kirundi, ambamo mwanajeshi huitwa umusirikare, yaani mtu wa serikali. Neno hilo linaeleza vizuri jinsi wenyeji walivyomwona askari: hakuwa mpiganaji tu, alikuwa ndiye dola yenyewe iliyofika mlangoni.

Michelle Moyd (2014) ameonesha kwamba askari hakuishi peke yake. Katika boma na katika msafara alifuatana na mke au wake, watoto na watumishi, na kaya hiyo ndiyo iliyompikia, ikamuuguza na kumbebea mizigo. Hoja hii ina uzito kwa mtafiti wa Bujumbura. Ukoo wa askari katika mitaa ya Waswahili haukuanza siku mwanamume alipovuliwa sare. Ulikuwapo tangu kituoni, na kumbukumbu yake imepita kwa wanawake sawasawa na kwa wanaume, kama si zaidi.

Jeshi la Kongo ya Kibelgiji, Force Publique, likiongozwa na Charles Tombeur, lilianza kusonga mbele Aprili 1916. Liliingia Kigali mapema Mei, Usumbura tarehe 6 Juni na Gitega tarehe 17 mwezi huohuo, kisha likaiteka Tabora tarehe 19 Septemba. Mji wa Usumbura ukabadili bwana, lakini haukubadili lugha ya kambi, kwani sehemu ya askari waliotoka mashariki ya Kongo nao walizungumza Kiswahili. Kwa hiyo katika mtaa mmoja waliweza kuishi jirani watu waliotumikia pande mbili zilizopigana. Kuna hata waliotumikia pande mbili kwa zamu: mwaka 1917 Waingereza waliunda upya kikosi cha sita cha KAR kwa kuajiri waliokuwa askari wa Wajerumani. Masimulizi ya familia yanayomtaja babu mmoja chini ya bendera mbili yasiharakishwe kuitwa uongo au mchanganyiko wa kumbukumbu.

Kundi kubwa kuliko yote halikuvaa sare. Wapagazi walihesabika kwa mamia ya maelfu kila upande, na walikufa kwa njaa, baridi na maradhi kuliko kwa risasi. Ni hao ambao picha zinawaonesha kwa mbali, katika safu ndefu, mizigo ikiwa imefunika nyuso.

Picha ziko wapi, nazo zinasema nini

Picha za Afrika Mashariki ya Kijerumani zilipigwa na maofisa, wamisionari na wapiga picha wa biashara. Anayejulikana zaidi kwa picha za askari ni Walther Dobbertin, aliyefanya kazi Dar es Salaam. Mkusanyiko wake sasa umo katika Kumbukumbu za Shirikisho la Ujerumani. Hazina nyingine ya picha za makoloni imo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt, na upande wa Ubelgiji ipo Makumbusho ya Afrika ya Tervuren. Picha nyingi kati ya hizi sasa zinaweza kutazamwa kwenye intaneti, na mtu aliyeko Bujumbura mwenye simu na kifurushi cha data anaweza kuzifikia.

Kuzifikia si kuzisoma. Maelezo yaliyo chini ya picha yaliandikwa kwa ajili ya msomaji wa Ulaya: humtaja ofisa kwa jina na cheo, humtaja Mwafrika kwa aina yake. “Askari”, “mpagazi”, “mwanamke wa askari” – na basi. Kwa sababu hiyo mjukuu anayejua jina la babu yake, kombania yake na mahali alipojeruhiwa hana neno la kuandika katika sanduku la kutafutia. Kasoro hii haitarekebishwa na kuongeza idadi ya picha zinazoskaniwa. Inarekebishwa na watu wa kuzitazama picha na kusema kinachoonekana: mtindo wa kufunga kitambaa, chale, kipande cha ukuta wa boma, mti ulio nyuma.

Ulaya imeshalifanya jambo hili kwa ajili yake yenyewe. Tangu 2011 mradi wa Europeana 1914–1918 uliwaalika wananchi wa nchi mbalimbali kuleta barua, medali na picha za wazee wao, zikaskaniwa papo hapo pamoja na hadithi zake, na vitu vikarudishwa kwa wenyewe. Afrika Mashariki, iliyopiganiwa hadi Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, siku 14 baada ya vita kwisha Ulaya, haikuwa sehemu ya siku hizo za kukusanya.

Ripoti iliyotolewa Aprili 2021 na tume ya Jumuiya ya Madola inayosimamia makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, waliofia upande wa Uingereza hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri. Mshauri wa sera nchini Burundi aisome kwa makini ripoti hiyo, kisha akumbuke kwamba haimhusu: waliotumikia Wajerumani na Wabelgiji wako nje ya hesabu yake.

Uzito wa masimulizi ya nyumbani

Jan Vansina (1972) alionesha kwamba Burundi, tofauti na Rwanda, haikuwa na wataalamu wa kifalme waliohifadhi historia rasmi kwa mdomo. Masimulizi yalitawanyika katika kaya. Baada ya 1916 kulikuwa na sababu ya ziada ya kuyatawanya na kuyanyamazisha. Wabelgiji waliwatazama Waswahili wa mjini kwa mashaka, kama mabaki ya utawala uliotangulia na kama Waislamu katika nchi ambayo elimu yake ilikabidhiwa kwa wamisionari Wakatoliki. Katika hali hiyo, cheti cha utumishi wa Kijerumani hakikuwa kitu cha kutundikwa ukutani.

Thamani ya jina linapokutana na waraka inaonekana katika maisha ya Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mwana wa askari wa Kisudani, akaingia jeshini angali mtoto pamoja na baba yake. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara ambayo yeye na baba yake hawakulipwa, akakataliwa. Alibaki huko akifundisha Kiswahili na kuigiza katika filamu, hadi alipokamatwa na Wanazi mwaka 1941. Alifia katika kambi ya Sachsenhausen Novemba 1944. Tunamjua kwa sababu aliandika barua, akadai, akasumbua maofisi. Kutoka mafaili hayo Marianne Bechhaus-Gerst aliandika wasifu wake, na mwaka 2007 jiwe la kumbukumbu lenye jina lake likawekwa Berlin. Askari wa Usumbura asiyeandika barua hana faili kama hilo. Ana wajukuu.

Pale picha inapolinganishwa na masimulizi, mpangilio wa hatua una maana. Msimulizi asikilizwe kwanza bila picha, aeleze jinsi alivyopokea habari na kutoka kwa nani; picha zije baadaye. Akioneshwa picha mwanzoni, sura ngeni huweza kugeuka kuwa sura ya babu, si kwa udanganyifu bali kwa hamu. Kwa hiyo utambuzi unaotolewa na familia uandikwe kama dai lenye jina la mdai na tarehe, wala usiandikwe juu ya maelezo ya zamani na kuyafuta. Mahojiano yarekodiwe katika lugha ya msimulizi, iwe Kirundi au Kiswahili cha Buyenzi, ambacho Geert Castryck (2006) amekiweka ndani ya historia ya Waislamu wa mji huu.

Picha inapokuwa shtaka

Kushirikishana picha za jamaa waliovaa sare si jambo jepesi Bujumbura. Baada ya mauaji ya 1972 na vita vilivyoanza 1993, picha ya mtu mwenye sare humwambia mtazamaji mambo mengi ambayo mwenye picha hakukusudia kuyasema: wakati gani, jeshi gani, na kwa hiyo upande gani. Familia nyingi zilipoteza picha zao kwa kukimbia na kuchomewa nyumba. Nyingine zilizichana zenyewe. Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 ulileta jeshi jipya lenye uwiano wa makabila, lakini haukubadili maana ya picha za zamani. Mkusanyiko unaochanganya picha za 1916 na za 1993 katika kabati moja, kwa masharti yaleyale ya kufunguliwa, utawafukuza watoaji wa zote mbili. Inafaa kuanza na vita vya 1914–1918, ambavyo umbali wake umepunguza hatari, na kujenga hapo utaratibu wa ridhaa: mwenye picha abaki na picha halisi, achague nakala ionwe na nani, na aweze kuiondoa.

Jambo hili linagusa pia madai kwa Ulaya. Mwezi Agosti 2020 Seneti ya Burundi ilitaja fidia ya euro bilioni 36 kutoka Ujerumani na Ubelgiji, na kamati maalumu ya Bunge la Ubelgiji kuhusu ukoloni ilifunga kazi yake Desemba 2022 bila kuafikiana. Ombi la nakala za picha, pamoja na haki ya kurekebisha maelezo yake, ni dogo zaidi na halihitaji kusubiri hayo mengine. Hata hivyo, ombi hilo litapata nguvu pale Bujumbura itakapoweza kuonesha orodha ya majina iliyokusanywa kutoka kwa familia.

Wakati huohuo kuna utumishi mwingine ambao majina yake bado yanajulikana. Kuanzia Desemba 2007 wanajeshi wa Burundi walitumikia Somalia chini ya Umoja wa Afrika. Wengi walifia huko, wakiwamo waliouawa kambini Leego Juni 2015 na El Baraf Mei 2022. Picha zao walizituma nyumbani kwa simu, na nyingi bado zimo katika simu za wajane na wazazi, ambazo huharibika, huibwa na huuzwa.