Misimu ya safari za wanyamapori Tanzania

Msimu wa safari za wanyamapori ni kipindi cha mwaka ambacho mvua, malisho na maji huwaweka wanyama mahali panapofikika na wanapoonekana. Nchini Tanzania hakuna kipindi kimoja kinachofaa hifadhi zote. Februari ni kilele cha neema katika nyanda za Ndutu, kusini mwa Serengeti, lakini Tarangire mwezi huohuo hubaki na sehemu ndogo tu ya wanyama wake. Agosti hujaza magari Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, na kuziacha nyanda za kusini zikiwa vumbi tupu. Vitabu vya kuongoza wageni hutaja Juni hadi Oktoba kuwa wakati bora. Ushauri huo una msingi, ila umefungamana pia na likizo za Ulaya na Marekani, na msafiri wa ndani akiuchukua mzimamzima anaweza kukosa kile hasa alichotamani kukiona.

Mvua, udongo na nyasi

Kaskazini mwa nchi hupata mvua mara mbili kwa mwaka: vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Katikati yake, Januari na Februari, hupita kipindi kifupi cha ukavu. Mikoa ya kati, kusini na sehemu kubwa ya magharibi hupata mvua za Msimu, Novemba hadi Aprili. Kiangazi kirefu, Juni hadi Oktoba, huanza na baridi ya kipupwe na kumalizika kwa joto na vumbi.

Katika kiangazi vichaka hupukutisha majani, nyasi hulala na madimbwi hukauka. Wanyama hulazimika kurudi kwenye mito na chemchemi chache zilizobaki, na simba huwafuata hukohuko. Ndiyo maana mgeni mwenye siku mbili au tatu tu hushauriwa kiangazi. Masika huleta kinyume chake: kila korongo lina maji, makundi hutawanyika, na nyasi hurefuka kiasi cha kumficha duma aliyelala hatua chache kutoka barabarani. Udongo mweusi wa mbuga hunata na kuteleza, na hata gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne hukwama. Kwa upande mwingine hewa huwa safi, vumbi hakuna, na mwanga wa asubuhi baada ya mvua huwapendeza sana wapiga picha.

Mzunguko wa nyumbu wa Serengeti

Mfumo wa ikolojia wa Serengeti na Mara ndio uliochunguzwa zaidi, na ndio unaoamua kalenda ya utalii wa kaskazini. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951, ina kilomita za mraba 14,763. Nyumbu zaidi ya milioni moja huzunguka kati yake, eneo la Ngorongoro na Maasai Mara nchini Kenya, wakiandamana na pundamilia laki mbili hivi na swala tomi wengi.

Kinachowasukuma ni tofauti ya mvua. Kusini mashariki, nyuma ya milima ya Ngorongoro inayozuia mawingu, mvua haifiki milimita 600 kwa mwaka. Kaskazini magharibi huzidi milimita 1,000, na Mto Mara huwa na maji mwaka mzima. Kwa akili ya kawaida nyumbu wangebaki kaskazini. Hata hivyo nyanda za kusini zimefunikwa na majivu ya volkano za Kerimasi na Ol Doinyo Lengai, na nyasi zake fupi zina kalsiamu na fosforasi kwa wingi, madini ambayo jike anayenyonyesha anayahitaji sana. Mvua zikinyesha huko, makundi hushuka. Maji yakikauka, huondoka.

Kwa kawaida makundi hufika Ndutu na nyanda za kusini kuanzia Desemba na kukaa hadi Machi. Mwishoni mwa Januari na mwezi Februari majike huzaa, na takribani asilimia 80 ya ndama huzaliwa ndani ya wiki mbili au tatu. Mtafiti Richard Estes, aliyewachunguza nyumbu wa Ngorongoro miaka ya 1960, alionyesha faida ya kuzaa kwa pamoja: fisi na simba hushiba kabla hawajawamaliza ndama. Ndama husimama dakika chache baada ya kuzaliwa na kuanza kumfuata mama yake. Kwa anayetaka kumwona duma akiwinda, na kuona mbali bila kichaka cha kuzuia macho, hakuna mahali nchini panapozidi Ndutu mwezi Februari.

Masika yakiisha, Mei na Juni, makundi huelekea kaskazini magharibi kupitia Moru na Seronera, wengine wakipita ukanda wa magharibi na kuvuka Mto Grumeti. Huu pia ni wakati wa madume kupigania majike, na mbuga hujaa milio yao mchana na usiku. Kuanzia Julai makundi hufika kaskazini na kuanza kuvuka Mto Mara huku na huko hadi Oktoba. Uvukaji huo umepigwa picha kuliko tukio lolote la wanyama Afrika Mashariki, na umekuzwa mno, kana kwamba miezi mingine ya mzunguko haina thamani. Unatisha kweli: utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba nyumbu zaidi ya 6,000 hufa maji katika mto huo kwa mwaka wa kawaida. Mizoga yao hulisha samaki, mamba na tai. Lakini hautabiriki. Kundi laweza kusimama ukingoni tangu asubuhi, likageuka jioni bila hata mmoja kuingia majini. Magari yanayojazana kwenye vivuko huwazuia wanyama wenyewe, na madereva waungwana husubiri mbali hadi nyumbu wa kwanza waingie majini. Novemba, vuli ikishika, makundi hurudi kusini kupitia Lobo na Loliondo.

Wingi huu wa nyumbu si wa kale kama unavyodhaniwa. Ugonjwa wa sotoka, ulioingia Afrika Mashariki karibu mwaka 1890, uliua ng'ombe na nyumbu kwa pamoja, na ukaendelea kuwaua ndama kwa miongo kadhaa. Mtaalamu wa wanyama Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walipohesabu kwa ndege mwaka 1958, walipata nyumbu kama laki moja tu. Michael alifariki katika ajali ya ndege hiyo Januari 1959 na kuzikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Ng'ombe wa wafugaji wa jirani walipochanjwa, sotoka ilitoweka pia kwa nyumbu, na kufikia mwaka 1977 idadi ilikuwa imepita milioni 1.3. Safari za Februari na Agosti zinazouzwa leo zimesimama juu ya kazi ya wachanja mifugo, ingawa hawatajwi.

Tarangire na Ngorongoro

Tarangire, yenye kilomita za mraba 2,850, huenda kinyume na nyanda za kusini mwa Serengeti. Mto wake ndio maji ya kutegemewa ya eneo pana, kwa hiyo Julai hadi Oktoba tembo, pundamilia na nyumbu humiminika humo na kuchimba mchanga wa mto kutafuta maji. Mvua zikianza hutoka kwenda nyanda za Simanjiro na upande wa kaskazini kuelekea Ziwa Natron. Mtafiti Hugh Lamprey aliueleza mwendo huu miaka ya 1960, na tangu wakati huo mashamba na makazi yamebana njia nyingi za wanyama hao. Mbung'o ni wengi katika vichaka. Nguo za buluu na nyeusi huwavutia.

Ngorongoro haina msimu mbaya. Sakafu ya kreta, kilomita za mraba 260 hivi, ina maji na malisho mwaka mzima, na faru, simba na tembo dume hawaihami kwa ukame. Twiga hawamo. Tofauti ya misimu huonekana zaidi ukingoni, ambako ukungu wa masika hufunga macho na baridi ya Julai hudai jaketi zito.

Kusini na magharibi

Ruaha, Nyerere na Katavi ni hifadhi za kiangazi hasa. Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kila kiangazi tangu mwaka 1993, kwa sababu ya maji yanayochepushwa kwenda mashambani bondeni Usangu, na wanyama hujikusanya kwenye madimbwi yaliyobaki. Mtalii hufurahia kuwaona kwa wingi hivyo. Kwa mto ni dalili ya ugonjwa. Katavi, viboko husongamana kwenye matope ya Mto Katuma kuanzia Agosti. Nyerere, iliyotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2019, hutembelewa pia kwa boti, na kambi nyingi hufungwa Aprili na Mei. Sokwe wa Mahale na Gombe hufikiwa kwa urahisi zaidi katika miezi mikavu, njia za mlimani zisipoteleza.

Ndege na maua

Novemba hadi Aprili ndege wahamiaji kutoka Ulaya na Asia huungana na wenyeji. Kitulo, katika nyanda za juu kusini, hutembelewa wakati wa mvua kwa ajili ya maua: okidi na mengineyo huchanua Desemba hadi Aprili.

Bei na likizo

Wafanyabiashara wa utalii wa Arusha hugawa mwaka kwa msimu wa juu na msimu wa chini. Wa juu ni Juni hadi Oktoba pamoja na Krismasi na Mwaka Mpya. Wa chini ni Aprili, Mei na Novemba. Wakati huo hoteli hushusha bei, na waongoza watalii wengi hukosa kazi masika yote. Mwaka 2019 nchi ilipokea watalii wa kimataifa milioni 1.5 hivi, wengi wakija katika miezi ileile.

Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kwa shilingi, kwa viwango vya chini sana kuliko vya wageni. Likizo za shule, Juni na Desemba, ndizo huamua safari za familia. Juni ni mwezi mzuri karibu kila mahali: mvua zimekatika, nchi bado ina kijani, na foleni za Agosti hazijaanza. Desemba inahitaji uangalifu. Familia zinazokwenda Kilimanjaro na Arusha kwa sikukuu mara nyingi huchagua Tarangire kwa ukaribu, wakati ambapo wanyama wengi wameshatoka. Zikiwa na siku ya ziada, Ngorongoro na Ndutu huwapa watoto mengi zaidi ya kuona.

Miaka isiyofuata kalenda

Miezi iliyotajwa hapa ni wastani tu. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilikata barabara nyingi, na ukame wa 1993 uliua nyumbu wengi. Mwezi Mei 2024 mafuriko yalizifikia kambi za Maasai Mara, mwezi ambao wenyeji hutarajia mvua lakini si kwa kiasi hicho. Makundi nayo huchelewa au kuwahi kwa wiki kadhaa, kwa hiyo kambi za mahema zinazohama huhama kwa kufuata mvua iliyonyesha. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, unaotolewa kabla ya vuli, masika na Msimu, pamoja na simu kwa dereva aliyeko hifadhini wiki hiyo, humfaa msafiri kuliko tarehe zilizochapwa katika vipeperushi.