Historia Fupi ya Kupiga Picha Jedwali Lisiloenea Kwenye Skrini

Makala haya yanatokana na kosa dogo lililonipa somo kubwa. Mwaka 2006, nikiwa Mbale, niliandaa jedwali la ngeli za Kiswahili katika programu ndogo niliyoiandika mwenyewe kwa Visual Basic 2005. Jedwali lilianza na ngeli ya A-WA na kuishia na ngeli ya mahali, yaani PA-KU-MU. Nilibonyeza kitufe cha Print Screen, nikaibandika picha kwenye waraka na kumpelekea mwenzangu aliyekuwa akifundisha Jinja. Naye akatoa nakala na kuwagawia wanafunzi.

Baada ya wiki mbili alinipigia simu. "Mwalimu, kijana mmoja Msoga ananiuliza: sisi katika Lusoga tuna ku na mu za mahali, iweje Kiswahili hakina?" Nilipoitazama picha kwa makini, niliona imekomea kwenye ngeli ya U-ZI. Mistari iliyobaki ilikuwa chini ya ukingo wa skrini, na picha haikuichukua. Wanafunzi walikuwa wamenakili ngeli pungufu daftarini, na mwenzangu alilazimika kulirudia somo zima.

Je, kwa nini kompyuta inayolijua jedwali lote ilipiga picha ya sehemu tu? Jibu limo katika historia.

Mwaka 1973, kituo cha utafiti cha Xerox PARC huko California kiliunda kompyuta iliyoitwa Alto. Skrini yake ilikuwa na nukta 606 kwa 808, nyeusi na nyeupe. Picha ya skrini hiyo peke yake ilihitaji takriban kilobaiti 60, karibu nusu ya kumbukumbu yote ya kilobaiti 128. Kumbukumbu ilikuwa ghali, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kutunza picha ya kitu kisichoonekana. Mwaka 1975, Dan Ingalls na wenzake wa hapo PARC waliandika amri ya BitBlt, ambayo huhamisha mstatili wa nukta kutoka sehemu moja ya kumbukumbu hadi nyingine.

Windows ilipotolewa mwaka 1985, ilifuata njia hiyohiyo. Sehemu ya dirisha iliyofunikwa haikutunzwa popote. Ilipofunuliwa, programu iliamriwa kuichora upya. Hapo ndipo palipo na siri ya kosa langu. Print Screen hunakili nukta zilizopo kwenye skrini. Mistari iliyokuwa nje ya ukingo haikuwa imefichwa mahali fulani ikisubiri kunakiliwa; ilikuwa bado haijachorwa kabisa.

Waandishi wa programu walijaribu njia mbili. Ya kwanza ni kusogeza jedwali kidogokidogo, kupiga picha kila hatua, kisha kuunga vipande. Njia hii huchosha, na mara nyingi mstari mmoja hurudiwa au hupotea kwenye maungio. Njia ya pili ni kukiamuru kidhibiti chenyewe (kitufe, kisanduku, orodha au jedwali) kijichore kwenye karatasi nyingine ndani ya kumbukumbu, bila kupitia skrini. Windows XP ya mwaka 2001 ilileta amri ya PrintWindow kwa ajili ya madirisha. Mwaka 2005, toleo la 2.0 la .NET likaleta DrawToBitmap, ambayo kidhibiti chochote kinaweza kuamriwa kuitekeleza.

Nami nikaitumia hiyo. Kwanza nilijumlisha vimo vya mistari yote ya jedwali. Pili, nikalirefusha jedwali hadi kimo hicho, ingawa lilizidi skrini. Tatu, nikaliamuru lijichore. Nne, nikalirudisha kwenye kimo chake cha awali. Picha ya nukta 900 kwa 4,000, kwa baiti 4 kila nukta, huchukua baiti 14,400,000: zaidi ya mara mia moja ya kumbukumbu yote ya Alto, lakini mzigo mdogo kwa kompyuta za mwaka 2006.

Hata hivyo, hapana budi kutahadhari. Kisanduku cha RichTextBox kikiamriwa kwa DrawToBitmap huchora fremu yake tu, bila maandishi. Aidha, tangu Windows Vista ya mwaka 2007, mfumo unaweza kutunza picha ya kila dirisha peke yake, hata likiwa limefunikwa na jingine. Lakini hilo halisaidii mistari ambayo haijasogezwa ikaonekana dirishani. Hiyo bado haijachorwa.

Kwa sisi walimu wa lugha, funzo ni hili. Picha ya skrini ni ushahidi wa kile kilichoonekana, si wa kile kilichopo. Kabla ya kugawa nakala, hesabu mistari ya jedwali, kisha hesabu ya kwenye picha. Na mwanafunzi anapouliza "mbona hiki hakipo?", usikimbilie kumjibu kuwa Kiswahili hakina. Kijana yule wa Jinja hakujua lolote kuhusu BitBlt. Alichokuwa nacho ni lugha ya mama yake, nayo ilimwonyesha pengo ambalo sisi walimu wawili hatukuliona.